Kuoanisha matabaka ya rafu ya chokaa na mchanga wa bondeni: mwongozo kamili kwa wanaorudia kosa lilelile

Kila nikipokea zoezi hili la kuoanisha, yaani kuunganisha kwa mistari tabaka za wakati mmoja kutoka kisima hadi kisima, kutoka kwa vijana ninaowafundisha hapa Hoima, nafungua karatasi nikijua nitakachokikuta. Visima vitano vimepangwa vizuri, rangi zimependeza, halafu mstari mmoja wa penseli umetoka kwenye chokaa ya rafuni (sakafu ya bahari ya kina kifupi) ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo hadi kwenye anhidriti (mwamba unaobaki maji ya bahari yakikauka) ya bondeni, kwa sababu vyote viwili viko mita 1,000 hivi chini ya ardhi. Mstari huo umeunganisha vitu ambavyo havikuwahi kuonana. Anhidriti ile ilianza kujaza bonde wakati chokaa imeshaacha kukua.

Mfano nitakaoutumia ni wa Bonde la Delaware, mpakani mwa Texas na New Mexico nchini Marekani. Miamba yake ni ya kipindi cha Permi, na kwenye Milima ya Guadalupe imeanikwa wazi kiasi kwamba unaweza kuiona rafu, ukingo na mteremko kwa macho. Sisi Uganda hatuna rafu ya chokaa ya baharini. Lakini kosa la kamba ya nguo linafanyika hata kwenye visima vya Ziwa Albert, na nitalirudia mwishoni.

## Vifaa

- Logi (rekodi za vipimo vya mwamba kadiri kisima kinavyoshuka) za visima vitano vilivyo kwenye mstari mmoja kutoka rafuni hadi bondeni: viwili rafuni (A na B), kimoja ukingoni (C), kimoja kwenye mteremko (D), kimoja bondeni (E). Ukilazimika kupunguza kimoja, kisiwe D.
- Kwa kila kisima: logi ya gama (mnururisho wa asili wa mwamba), ya msongamano, ya nyutroni, na ya fotoelektriki (namba inayotofautisha madini) kama ipo. Gama peke yake itakudanganya, na nitaonyesha mahali inapodanganya.
- Maelezo ya chenga za kuchimbia na ya kora (vipande vizima vya mwamba vilivyokatwa kisimani), hata kama ni kurasa mbili zilizofifia.
- Orodha ya visukuku pamoja na kina kila kimoja kilikopatikana.
- Kimo cha sakafu ya mtambo wa kuchimbia juu ya usawa wa bahari, na vipimo vya mkengeuko wa kisima.
- Karatasi za manila, penseli za rangi, rula ndefu, kifutio kizuri, lenzi ya mkononi, na asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10.

Ukiichanganya asidi mwenyewe, mimina asidi kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Vaa miwani.

Wengi huniuliza kwa nini manila wakati programu zipo. Programu ni nzuri, nami naitumia kila siku. Ila kwa zoezi la kwanza, mkono unaochora polepole hupata nafasi ya kutia shaka, wakati programu huunganisha vilele viwili vinavyofanana kabla hujauliza kama vina undugu. Na umeme ukikatika, manila haizimiki.

## Hatua ya 1: Panga visima kwa umbali wa kweli

Geuza kina chote kiwe kina cha wima, kisha kitoe kwenye kimo cha sakafu ya mtambo ili visima vyote vipimwe kutoka usawa wa bahari. Ukiruka hapa, kisima kilichochimbwa kilimani kitaonekana kina tabaka zilizozama, na utatafuta ufa wa mwamba ambao haupo.

Sasa chagua skeli. Tuseme kutoka A hadi E ni kilomita 12, na kipande unachokihitaji kina unene wa mita 700. Kwa wima tumia 1:1,000, utapata sentimita 70. Kwa ulalo tumia 1:10,000, utapata mita 1.2, yaani manila mbili zilizogundishwa. Maana yake umekuza kimo mara 10. Liandike hilo pembeni kwa herufi kubwa.

Sababu ni hii. Tuseme uso wa rafu na sakafu ya bonde vinatofautiana mita 550, na mshuko wote unatokea ndani ya kilomita 2. Hiyo ni wastani wa nyuzi 15 tu. Kwenye karatasi iliyokuzwa mara 10, nyuzi 15 zinasimama kama nyuzi 70. Mwanafunzi akiona ukuta namna hiyo, mkono unakataa kuteremsha mstari, anaunyoosha. Hapo ndipo kamba ya nguo inapozaliwa. Mteremko wa mbele wa Capitan, yaani chokaa ya ukingo wa bonde hili, una sehemu zinazozidi nyuzi 30, kwa hiyo usiogope mstari mkali.

Pia usipange visima kwa nafasi sawa ili karatasi ipendeze. Nafasi sawa hufuta mteremko.

## Hatua ya 2: Utambue mwamba kabla ya kuupa jina la tabaka

Hapa kaa muda mrefu. Karibu nusu ya makosa ninayosahihisha yanaanzia hapa, ingawa yanajitokeza baadaye.

Anza na namba. Fotoelektriki ya kalsaiti (madini ya chokaa) ni kama 5.1, ya dolomiti (ndugu wa chokaa mwenye magnesiamu) 3.1, ya kwatzi (madini ya mchanga) 1.8. Msongamano wa kalsaiti ni gramu 2.71 kwa sentimita ya ujazo, wa dolomiti 2.87, wa kwatzi 2.65. Anhidriti ni mjanja: fotoelektriki yake nayo ni kama 5.1, sawa na kalsaiti, lakini msongamano wake ni 2.98. Kwa hiyo soma logi mbili kwa pamoja. Anayetazama fotoelektriki tu ataipaka anhidriti rangi ya chokaa, na zoezi limeshaharibika.

Kisha thibitisha kwa chenga. Dondosha asidi: kalsaiti inachemka papo hapo, dolomiti inanyamaza mpaka uikwaruze ipate unga, anhidriti haijibu kitu.

Sasa mtego wa gama. Sote tulifundishwa kwamba gama ikipanda, huo ni mwamba wa tope. Kwenye rafu ya Delaware, tabaka za Yates zina mchanga laini na mchangatope wenye feldispa nyingi ya potasiamu, na potasiamu hutoa mnururisho. Gama inapanda, na kilichopo ni mchanga. Dolomiti nayo ikibeba uraniamu kidogo hupandisha gama bila chembe ya tope. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliupaka mchanga wa aina hiyo rangi ya kijivu kwenye visima vitatu mfululizo, nikaandika "tope la rafuni" kwa mwandiko mzuri. Mkubwa wangu alinisogezea sahani ya chenga na lenzi, akaenda kunywa chai. Aliporudi nilikuwa nafuta.

Upande wa bondeni shida inageuka. Kule Bell Canyon, tabaka za mchanga za bondeni, mchanga ni laini sana na udongo wa mfinyanzi ni haba, hivyo gama ya mchanga na ya mchangatope hukaribiana. Kinachojitokeza ni mchangatope mweusi wenye mabaki mengi ya viumbe: kilele kirefu chembamba cha gama. Kiwekee alama ya nyota, utakihitaji.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kuficha majina yote ya tabaka na bado ukamweleza mwenzako kila kisima ni mwamba gani, mita kwa mita.

## Hatua ya 3: Tafuta nyuso, sahau unene kwa muda

Tabaka hukonda, hunenepa, hugeuka chokaa likawa mchanga. Uso wa wakati mmoja hupita katikati ya mabadiliko hayo yote. Kwa hiyo tafuta nyuso kwanza.

Rafuni, tafuta dalili za rafu kuachwa nje ya maji: vishimo vilivyolika na maji ya mvua, chokaa iliyopasuka na kuinuka kama paa la hema, kokoto za duara za chokaa zilizokua mahali zilipo. Juu yake mara nyingi utaona mchanga mwembamba, kisha chokaa ya kina zaidi. Hapo bahari ilishuka, ikarudi.

Bondeni, tafuta vile vilele vya nyota. Hizo ni nyakati ambazo mchanga ulikuwa haufiki, vikawa vinashuka mabaki ya viumbe na vumbi tu. Tafuta pia chini ya kila rundo nene la mchanga: mguu wa rundo ndio mwanzo wa kumwagika.

Kwenye mteremko utakuta mabonge. Tabaka la Rader lina mabonge makubwa ya chokaa yaliyoporomoka kutoka juu. Bonge ni mgeni pale lilipo. Liwekee mpaka wake peke yake.

## Hatua ya 4: Leta ushahidi wa wakati

Bila hatua hii, kilichobaki ni uchoraji.

Fusulina ni viumbe wa chembe moja wenye maganda kama punje za mpunga, walioishi kwenye maji ya kina kifupi. Utawapata rafuni na ukingoni. Konodonti, vile vijimeno vya viumbe walioogelea, vinapatikana vizuri zaidi bondeni. Mteremko unapokea vyote viwili, ndiyo maana nilikuambia usikitupe kisima D: yeye ndiye mkalimani. Orodha ya fusulina ya kisima B na ya konodonti ya kisima E hazina lugha moja mpaka D azitafsiri.

Majivu ya volkano ni bora kuliko vyote, kwa kuwa yalianguka mahali pote kwa siku chache. Kwenye chokaa ya Manzanita, ndani ya Cherry Canyon chini ya Bell Canyon, yamegeuka bentoniti, tabaka nyembamba za udongo. Zikiwa kwenye kora zako, zichore kwa kalamu, si kwa penseli.

Onyo: kisukuku kilichotoka ndani ya bonge kinakupa umri wa bonge, si umri wa kuporomoka. Tabaka linalolizunguka linaweza kuwa changa zaidi. Kuwa kongwe haliwezi. Ukikuta fusulina za zamani juu ya changa bondeni, usikimbilie kusema miamba imepinduka. Uliza kwanza kama sampuli ilichukuliwa kwenye kokoto au kwenye tope lililoibeba.

## Hatua ya 5: Chora rafu, halafu bonde, mteremko uje mwisho

Unganisha A na B kwanza. Rafuni tabaka husafiri mbali bila kubadilika sana, kwa hiyo hapa mistari karibu ya kulala inakubalika. Kisha nenda bondeni, kama una visima zaidi ya kimoja huko, uviunganishe vyenyewe kwa vyenyewe. Acha katikati peupe. Vijana hawapendi kuacha peupe, lakini peupe huzuia mkono usitangulie akili.

Jambo moja la kuangalia rafuni: ukienda mbali na ukingo kuelekea nchi kavu, chokaa na dolomiti hugeuka anhidriti na mashapo mekundu. Anhidriti hiyo ni rika la Capitan. Ile ya bondeni, inayoitwa Castile, ni changa kuliko Capitan. Anhidriti mbili, nyakati mbili. Zipe rangi mbili tofauti tangu sasa.

## Hatua ya 6: Oanisha mapigo

Sasa tuingie kwenye mteremko. Pigo moja ni bahari kupanda na kushuka mara moja, pamoja na mashapo iliyoyaacha.

Bahari ikiwa juu, viumbe wa rafuni wanajenga chokaa kwa kasi. Mchanga unabaki nyuma, karibu na nchi kavu. Bondeni kunafika ulimi mwembamba wa chokaa uliokwanguliwa kutoka mtelemkoni, na tope jeusi. Bahari ikishuka, rafu inakauka, ujenzi unasimama. Upepo na maji vinavusha mchanga juu ya rafu hadi bondeni, unarundikana huko. Rafuni kinabaki kipande chembamba cha mchanga, au hakibaki kitu, ni uso uliolika tu.

Kwa hiyo ndoa zenyewe ni hizi: chokaa nene ya rafuni na ulimi mwembamba wa chokaa bondeni, mchanga mnene wa bondeni na mchanga mwembamba, au pengo, rafuni. Anayetafuta mchanga wa mita 80 rafuni ili amwoze mchanga wa mita 80 wa bondeni atatafuta hadi kesho.

Ndani ya Bell Canyon, ndimi za chokaa kutoka chini kwenda juu ni Hegler, Pinery, Rader, McCombs na Lamar, na katikati yake kuna mchanga. Rafuni, kutoka chini, ni Seven Rivers, Yates na Tansill. Hegler iliyo chini inakwenda na sehemu ya Seven Rivers. Lamar iliyo juu inakwenda na Tansill. Anza na hizo mbili kama nguzo, kisha hesabu mapigo yaliyo katikati.

Hesabu yako haitalingana mara ya kwanza. Rafuni utapata labda mapigo saba, bondeni matano. Usilazimishe. Mapigo madogo ya rafuni hayakuwa na nguvu ya kufikisha kitu bondeni, na ukingoni pigo moja linaweza kulika lote. Tumia mstari wa nukta palipo na shaka, na andika alama ya kuuliza. Mchoro usio na alama ya kuuliza hata moja huwa naurudisha.

Kila mstari unaovuka ukingo lazima uingie juu ya Capitan au ndani yake, uteremke na mteremko, ukalale bondeni chini kabisa ya ulikotoka. Usiikate Capitan kwa ulalo. Kumbuka ilikuwa ikikua kuelekea bondeni, kwa hiyo sehemu yake ya upande wa nchi kavu ni kongwe kuliko ya upande wa bonde, hata kama logi zinaonyesha chokaa ileile nyeupe safi isiyo na mikunjo.

## Hatua ya 7: Laza mchoro mara mbili

Kulaza ni kuchagua uso mmoja, kuunyoosha uwe mstari wa ulalo, na kuacha vingine vining'inie.

Mara ya kwanza laza kwenye ulimi wa mchanga wa Yates unaoonekana A na B. Bonde litazama, na utaona mwinuko wa zamani wa ukingo juu ya sakafu. Usishangae tabaka za rafu kushuka kidogo zikikaribia Capitan: kilele cha rafu kilikuwa nyuma ya ukingo, na Capitan yenyewe ilikaa chini ya maji.

Mara ya pili laza kwenye tabaka la Castile katika D na E. Mistari ya Castile ni myembamba kama kurasa, anhidriti na kalsaiti kwa zamu, na imefuatwa bondeni kwa zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo ni karibu na usawa wa kweli kadiri utakavyopata. Sasa tazama anhidriti: inapaswa kuja kugonga uso wa Capitan na kuishia hapo, kama maji kwenye ukuta wa birika. Mstari wako wowote wa Castile ukiingia ndani ya Capitan, rudi hatua ya 5.

Makosa makubwa niliyokuta kwa wanafunzi yalitokana na kulaza mara moja tu, tena kwenye Lamar. Lamar inapanda mteremko. Ukiinyoosha, mchoro unapinda kama mkia wa nge, na mtu anaanza kuchora mipasuko kuieleza.

## Hatua ya 8: Kama una picha za mitetemo

Picha hizi hutokana na mwangwi wa mawimbi yanayotumwa ardhini. Mistari yake kwa kawaida hufuata nyuso za wakati, hivyo itakuonyesha mteremko ambao visima vitano haviwezi kuuonyesha. Itumie kuamua mistari ya nukta.

Ila picha hizo zinapimwa kwa muda, hazipimwi kwa mita. Chokaa ngumu hupitisha mawimbi haraka kuliko mchanga na tope, kwa hiyo matabaka yaliyo chini ya Capitan yataonekana yameinuka. Huo si mlima. Geuza muda kuwa kina kwanza, ndipo uamini.

## Ukirudi Ziwa Albert

Hapa kwetu badala ya rafu kuna ngome ya ufa, yaani ukuta wa miamba pembezoni mwa bonde la ufa. Chini ya ngome, mito ilimwaga kokoto na mchanga wa chembe kubwa. Kilomita chache kuelekea ziwani, wakati uleule, tope lilikuwa linatua taratibu. Mwanafunzi anakuta mchanga kwenye kisima cha pembezoni na mchanga mwingine katikati ya bonde kwa kina kilekile, anaunganisha. Kamba ya nguo ileile, sasa bila chokaa.

Hatua za 1 hadi 5 zitumie kama zilivyo. Kwenye hatua ya 6 badilisha bahari uweke ziwa: lilipojaa, tope lilipanda hadi karibu na ngome, liliposhuka, mchanga ulisukumwa katikati. Ongeza jambo moja ambalo Delaware halikukusumbua, yaani mipasuko iliyokuwa ikisogea wakati mashapo yanatua. Tabaka moja linaweza kuwa nene mara kadhaa upande ulioshuka, na bado likawa tabaka moja.

Kwa wakati, tafuta chavua, visukuku vya konokono, na hasa majivu. Tabaka za majivu za Semliki zimewahi kuoanishwa na zile za Turkana, Kenya, umbali ambao hakuna mchanga unaoweza kuusafiri. Ukienda uwandani Kaiso au Nyabusosi, usipite mstari mweupe wa unga wa upana wa vidole viwili ukidhani ni vumbi. Chimba kidogo, funga gramu 200 kwenye mfuko safi, na uandike kimo chake juu ya tabaka gumu la chuma lililo karibu nalo kabla hujasogea hatua hata moja.